Kuchagua sevo ndogo kwa roboti ya kujitengenezea: anza na mzigo, bei iwe ya mwisho

Sevo ni mota inayogeuka hadi pembe unayoiagiza na kubaki hapo. Sevo nyingi ndogo zinazoungua mikononi mwa wanafunzi na mafundi wa Nyanda za Juu Kusini haziungui kwa kuwa ni za bei nafuu. Zinaungua kwa sababu zimebebeshwa mzigo usio saizi yao au zimepewa umeme usiotosha. Ndiyo maana hapa tunaanza na mzigo, tunaenda kwenye umeme, na katikati yake ndipo jina la sevo ya kununua linapojitokeza lenyewe. Kifurushi kikitoka Kariakoo na basi la usiku hadi Iringa, Makambako au Mbeya, kosa la kuchagua maana yake ni kulipia mzigo mara mbili na kusubiri upya. Dakika 20 za kalamu na karatasi ni nafuu kuliko hapo.

Tutatumia kazi mbili: mkono mdogo wa roboti wa plaiwudi, ambao karibu kila anayeanza huutengeneza, na kigeuza mayai cha mashine ya kutotolesha vifaranga, kazi inayohitajika kweli kwa wafugaji wengi wa huku.

Kilichomo ndani, na kwa nini sevo hujiua yenyewe

Fungua skrubu 4 za chini ya sevo ya SG90, inua kifuniko cha juu taratibu ili gia zisidondoke, utaona vitu vinne: mota ndogo ya umeme wa DC, msururu wa gia, potenshiomita iliyoshikana na shafti ya kutolea nguvu, na bodi nyembamba ya kuongoza. Potenshiomita huiambia bodi shafti iko wapi. Bodi hulinganisha na mahali ulikoagiza, na palipo na tofauti huisukuma mota hadi tofauti iishe.

Hapo ndipo hatari ilipo. Kama mkono umegonga ukuta, au mzigo ni mzito, tofauti haiishi. Bodi haijui kuchoka, itaendelea kusukuma kwa nguvu zote, mota imesimama, mkondo uko juu kabisa, joto linapanda, na baada ya muda mfupi unasikia harufu ya plastiki. Ukilielewa hili, karibu ushauri wote unaofuata utauona wenyewe.

Agizo hutumwa kama pigo la umeme kila baada ya milisekunde 20, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Upana wa pigo ndio agizo. Mikrosekunde 1500 ni katikati. Kutoka 1000 hadi 2000 sevo nyingi ndogo huzunguka takriban nyuzi 90, na ili upate nyuzi 180 inabidi upanue hadi karibu 500 na 2400. Waya ni tatu: kahawia ni hasi, nyekundu ni chanya, rangi ya chungwa ni ishara. Kwenye sevo za aina nyingine, kama Futaba, utakuta nyeusi, nyekundu na nyeupe kwa mpangilio uleule.

Hatua ya 1: Hesabu mzigo

Nguvu ya kuzungusha ya sevo hutajwa kwa kilo-sentimita. Sevo ya kilo-sentimita 1 inaweza kuzuia kilo 1 iliyoning'inia sentimita 1 kutoka katikati ya shafti. Ukiisogeza hiyo kilo hadi sentimita 10, unahitaji kilo-sentimita 10. Umbali unahesabika sawasawa na uzito, na wanaoanza husahau umbali.

Chukua mkono wa roboti wenye kitako kinachozunguka, bega, kiwiko na kishikio. Bega hadi kiwiko sentimita 10, kiwiko hadi ncha sentimita 10. Unataka unyanyue kitu cha gramu 30, tuseme kiberiti kilichojazwa mchanga. Hali mbaya kuliko zote ni mkono ukiwa umenyooka mlalo, hivyo hesabu kwa hali hiyo tu.

Kwa bega: kitu cha gramu 30 kiko sentimita 20, hiyo ni 0.6. Kishikio pamoja na sevo yake ndogo, jumla gramu 25, kiko kama sentimita 18, hiyo ni 0.45. Sevo ya kiwiko, gramu 14, iko sentimita 10, hiyo ni 0.14. Mbao za mkono, gramu 20, katikati yake ni sentimita 10, hiyo ni 0.2. Jumla 1.39.

Kwa kiwiko: kitu 0.03 mara 10 ni 0.3, kishikio 0.025 mara 8 ni 0.2, mbao gramu 10 katikati ya sentimita 5 ni 0.05. Jumla 0.55.

Sasa zidisha kila jibu mara 3. Bega linahitaji sevo ya angalau 4.2, kiwiko 1.65. Kwa nini mara 3? Kwa sababu namba inayoandikwa kwenye sevo ni ya kukwama, yaani nguvu ya mwisho kabla haijashindwa kabisa, mota ikiwa imesimama na inaungua. Sevo inayoshikilia mzigo muda mrefu ifanye kazi kwa theluthi moja ya namba hiyo. Kama kazi ni ya kugusa na kuachia, kwa mfano kubonyeza swichi, nusu inatosha.

Pima uzito kwa mizani ya jikoni ya kidijitali, usikisie. Plaiwudi ya milimita 4 inatofautiana uzito sana kulingana na mti na gundi. Kama bega lako limezidi kidogo, kabla ya kununua sevo kubwa jaribu kufupisha mkono. Ukitoa sentimita 3 katika 20, umepunguza mzigo wa ncha kwa asilimia 15 bila kutoa hata shilingi.

Hatua ya 2: Linganisha na sevo zilizopo sokoni

SG90 ni ya gramu 9, gia za plastiki, kilo-sentimita 1.8 kwa volti 4.8. Inafaa kishikio, shingo ya kuzungusha sensa ya umbali, kifuniko cha kilishio cha kuku, na kujifunzia. Haifai bega la mkono, wala kazi yoyote ambayo mtu anaweza kuushika mkono na kuulazimisha, kwa kuwa meno ya plastiki hukatika.

MG90S ina umbo lilelile, gia za chuma, uzito wa gramu 13 na kidogo, nguvu 1.8 kwa volti 4.8 na 2.2 kwa volti 6. Angalia vizuri: nguvu yake haizidi ya SG90 kwa kiasi cha kujivunia. Unacholipia ni meno yasiyokatika. Watu wengi hununua MG90S wakidhani wamepata sevo yenye nguvu zaidi, kisha wanashangaa bega bado linalegea. Kwa kiwiko chetu cha 1.65 inatosha.

MG996R ni hatua kubwa: gramu 55, gia za chuma, 9.4 kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6. Bega letu la 4.2 italibeba bila jasho, na uzito wake si tatizo kwa sababu inakaa chini kwenye kitako. Ungeiweka kwenye kiwiko ungekuwa umejibebesha gramu 55 mara sentimita 10, yaani 0.55 zaidi kwa bega, bila faida. Kanuni yetu ni kwamba sevo nzito zikae chini, nyepesi ziende juu.

Kati ya hizo kuna pengo. Futaba S3003 ya plastiki, ya kilo-sentimita 3.2 kwa volti 4.8, pamoja na nakala zake, hukaa katikati ya pengo hilo na huonekana mara chache madukani huku. Kwa wengi wenu uamuzi utakuwa ni ndogo ya gramu 9 hadi 14 au kubwa ya gramu 55.

Mengine ya kuangalia kabla ya kulipa ni haya. Kuna sevo za nyuzi 180 na kuna za kuzunguka mfululizo, zinazoandikwa 360. Za 360 hazina mahali pa kusimama: pigo la 1500 huzisimamisha, juu yake huzunguka upande mmoja, chini yake upande mwingine. Zinafaa magurudumu ya kigari, hazifai mkono hata kidogo. Huchanganywa dukani kila siku kwa kuwa kwa nje zinafanana, kwa hiyo mwandikie muuzaji waziwazi kwamba unataka ya 180. Angalia pia meno ya shafti. MG996R huvaa mikono ya meno 25, na vipuri vya aluminiamu vya meno 25 vinapatikana kwa wingi. Sevo ndogo za gramu 9 hazina kipimo kimoja: mkono wa kampuni moja unaweza kulegea kwenye shafti ya nyingine, hivyo tunza mikono iliyokuja na sevo yenyewe.

Kuhusu kasi, SG90 humaliza nyuzi 60 kwa takriban sekunde 0.1 bila mzigo. Kwa roboti za nyumbani hiyo ni kasi kupita kiasi. Utaipunguza kwa programu.

Hatua ya 3: Umeme, mahali ambapo kazi nyingi hufia

SG90 ikisukuma kwa nguvu zote hunywa miliampea 600 hadi 700. MG996R ikikwama kwa volti 6 hufika ampea 2.5. Jumlisha namba za kukwama za sevo zako zote, kwa sababu wakati wa kuwasha zote huruka kwa pamoja. Mkono wetu una MG996R moja begani na ndogo tatu kwenye kitako, kiwiko na kishikio: 2.5 na 2.1, jumla ampea 4.6. Tafuta chanzo cha volti 5 chenye ampea 5.

Usichukue umeme wa sevo kwenye pini ya volti 5 ya Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayoiagiza sevo. Ukiwa umechomeka USB, fyuzi yake ya kujirudisha imewekwa kwa miliampea 500. SG90 moja isiyo na mzigo itacheza, ya pili ikiongezwa bodi inajiwasha upya, taa inakonyeza, kompyuta inalia kwamba kifaa kimetoka na kurudi. Wengi hudhani ni kosa la programu na kukesha wakisoma mistari ya programu isiyo na kosa lolote.

Betri ya boksi ya volti 9 pia iache. Haina ampea za kuzungusha sevo, volti yake huanguka mara tu mota inapovuta, na ikishushwa hadi 5 nusu ya nguvu inapotea kama joto. Inauzwa kila duka la redio na ndiyo inayowakwamisha wanafunzi wengi kuliko kitu kingine.

Vinavyofaa:

Betri 4 za AA za kuchajiwa, aina ya NiMH, hutoa volti 4.8 na zina ampea za kutosha kwa sevo ndogo 3 au 4. Hili ndilo chaguo rahisi kuliko yote kwa anayeanza.

Seli mbili za lithiamu za 18650 zilizounganishwa mfululizo hutoa hadi volti 8.4 zikijaa. Hiyo huua SG90, kwa hiyo pitisha kwenye kipunguza volti. Bodi ndogo yenye LM2596 imeandikwa ampea 3, lakini bila kipoza joto ichukulie ni 2. Kwa mkono wetu nunua yenye XL4015, ya ampea 5. Kabla hujaunganisha sevo, weka mita kwenye matokeo na uzungushe skrubu ndogo ya shaba hadi isome 5.0 au 5.5. Bodi mpya mara nyingi hutoka kiwandani ikiwa imewekwa juu, na huenda ukalazimika kuzungusha skrubu mara kumi na zaidi kabla namba haijaanza kushuka. Mtu anayeruka hatua hii huua sevo zote kwa sekunde moja.

Kama una betri ya sola ya volti 12 nyumbani, kipunguza volti hichohicho kitaishusha hadi 5. Pawabenki inafaa kwa sevo moja au mbili, ila kumbuka nyingi hujizima zenyewe zikiona mkondo ni mdogo, hivyo mashine inayogeuka mara moja kwa saa itakuta pawabenki imelala.

Unganisha hasi ya chanzo cha sevo na hasi ya Arduino. Chanya zisikutane, hasi lazima zikutane. Ukisahau, ishara haina pa kurejelea na sevo itatetemeka ovyo au kukaa kimya. Kama kuna jambo moja la kuandika kwa wino mwekundu ukutani, ni hili.

Weka kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1000, ya volti 10 au 16, karibu kabisa na sevo, kati ya chanya na hasi. Upande wenye mstari ni hasi, ukigeuza hupasuka. Fundi redio yeyote wa Mwanjelwa au wa karibu na stendi anazo kwenye bodi kuukuu, ila ikague: iliyovimba kichwani imekufa. Umeme wa MG996R usiupitishe kwenye bredibodi (ubao wa kuchomekea waya bila kulehemu), maana vishikio vyake vya ndani ni vyembamba na hupata moto. Tumia waya nene moja kwa moja kutoka kwenye chanzo.

Sevo zikizidi 4, bodi ya PCA9685, inayotuma mapigo ya sevo kwa niaba ya Arduino, huleta nafuu. Ina njia 16, hutumia waya mbili tu za mawasiliano, na ina mahali pake pa kuingizia umeme wa sevo pasipohusiana na umeme wa bodi. Saa yake ya ndani hutofautiana kidogo kati ya bodi na bodi, kwa hiyo pigo uliloagiza la 1500 linaweza kutoka kubwa au dogo kwa asilimia chache. Rekebisha katikati kwa macho, usiamini namba peke yake.

Hatua ya 4: Jaribu uliyonunua kwa maji na bomba la sindano

Namba za kwenye kifurushi ni za kampuni asilia, na nakala zimejaa. Jaribio hili linahitaji rula ya plastiki, kikombe chepesi cha plastiki, uzi, na bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Mililita 1 ya maji ni gramu 1, hivyo huhitaji mawe ya mizani.

Bana sevo ukingoni mwa meza kwa jiliwa, shafti ikitazama nje. Agiza 1500 kwanza, kisha vaa mkono wa sevo na ufunge rula juu yake kwa skrubu mbili ndogo. Pima sentimita 10 kamili kutoka katikati ya shafti, toboa tundu, ning'iniza kikombe. Pima uzito wa kikombe kitupu na uandike. Shusha rula hadi ielekee chini, kisha agiza ipande hadi mlalo. Kila ikifaulu, ongeza mililita 20. Kwa umbali huo kila bomba moja la maji ni kilo-sentimita 0.2.

Ikifika mahali inapanda kwa shida na kuishia njiani, irudishe chini ndani ya sekunde 2, usiiache ikisukuma. Jumlisha gramu za maji na kikombe, zidisha kwa 10, gawa kwa 1000. SG90 inayofika 1.2 kwa volti 5 tunaihesabu kuwa nzuri. Inayoshindwa chini ya 0.8 iweke kwenye kazi nyepesi na uandike kwa kalamu ya wino mgongoni. Kwa MG996R tumia chupa ya lita 1: nusu lita ni kilo-sentimita 5, na ikinyanyua hiyo bila kulegea inatosha bega letu.

MG90S ipime pia kwa mizani. Kama inasoma gramu 9 badala ya 13, huenda umeuziwa ya gia za plastiki kwa jina la chuma. Fungua uone.

Hatua ya 5: Kuifunga

Mikono ya sevo huvaliwa baada ya kuagiza katikati, kamwe si kabla. Ukivaa kwa kukisia, nusu ya mzunguko wako itaishia ukutani.

Kisha tafuta mipaka yake halisi. Anza 1500, ongeza 50 kila mara. Ikianza kunguruma bila kusogea, umegonga kizuizi cha ndani, rudi 50 na uandike namba hiyo. Fanya hivyo pande zote mbili. Sevo mbili za kifurushi kimoja zinaweza kupishana kwa mikrosekunde 100. Maktaba ya sevo ya Arduino hutumia 544 hadi 2400 usipoiambia mengine, na kwa nakala nyingi hizo ni mbali mno. Mngurumo huo mdogo ambao watu huuzoea ndio sevo inavyokufa polepole.

Kwenye plaiwudi, tundu la SG90 ni kama milimita 23 kwa 12.5. Likate dogo kidogo, malizia kwa tupa. Skrubu za masikio zitangulizwe na tundu la milimita 1.5, la sivyo plaiwudi itapasuka kwa tabaka. Chini ya masikio weka vipande vya tyubu ya baiskeli. Hupunguza mtikisiko na kelele. Skrubu fupi kuliko zote kwenye pakiti ndiyo ya katikati ya shafti.

Fimbo ya kusukumia inapatikana kwa fundi baiskeli: spoku ya milimita 2 ni ngumu, imenyooka, na hupindika vizuri kwa koleo. Tundu la mkono wa SG90 ni dogo kwa spoku, litanue kwa drili ya milimita 2, si kwa msumari wa moto, maana plastiki iliyoyeyuka hubana na kuongeza msuguano. Sogeza fimbo kwa vidole kabla ya kuwasha umeme. Isipoteleza kwa vidole, na sevo itateseka.

Kigeuza mayai, na kwa nini ekseli iko wapi ni muhimu kuliko sevo

Trei ya mayai 30, kila yai gramu 60, ni kilo 1.8. Inapaswa kuinama nyuzi 45 kila upande, kila saa moja au mbili, hadi siku ya 18.

Ukiweka bawaba kwenye ukingo wa trei, katikati ya uzito iko kama sentimita 14 kutoka kwenye bawaba. Kilo 1.8 mara 14 ni kilo-sentimita 25. MG996R ya 11 haigusi. Watu hufika hapa wakaagiza sevo ya bei kubwa zaidi.

Hamishia ekseli katikati ya trei. Sasa upande mmoja unausawazisha mwingine, na kinachobaki ni tofauti tu. Mayai mawili yakikosekana upande mmoja, sentimita 10 kutoka katikati, tofauti ni 1.2. Ila kuna jambo la pili ambalo halionekani haraka: kama ekseli imepita chini ya trei, sentimita 3 chini ya vitovu vya mayai, trei ikiinama nyuzi 45 uzito wote unadondokea upande mmoja. Hiyo ni 1.8 mara 3 mara 0.7, karibu 3.8. Pandisha ekseli ipite usawa wa katikati ya mayai, na namba hiyo inakaribia sifuri. MG996R moja itafanya kazi hii kwa raha, nayo haikuongezewa kitu.

Sevo ikae nje ya sanduku. Ndani kuna nyuzi joto 37.7 na unyevu, na potenshiomita haipendi unyevu. Pitisha spoku kwenye tundu dogo la ukuta wa sanduku. Ila wafugaji wa Njombe na Makete wajue kwamba sevo hizi zimetengenezwa kwa nyuzi 0 hadi 55, na alfajiri ya Juni au Julai banda lisilo na dari linaweza kukaribia sifuri. Mashine ikae chumbani, na sevo ifunikwe na boksi dogo la plaiwudi dhidi ya umande na vumbi la kiangazi.

Katika programu, sogeza mikrosekunde 10 kila baada ya milisekunde 50, ili trei ichukue sekunde kadhaa na mayai yasigongane. Ikifika, iachie kwa amri ya detach, inayoacha kutuma mapigo. Trei iliyosawazishwa vizuri itabaki palepale kwa msuguano wa gia, na sevo itapoa hadi zamu ijayo. Isipobaki, rudi kwenye ekseli, usiongeze nguvu.

Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, Arduino haijui trei ilikuwa wapi. Itaagiza mahali pa kuanzia, na sevo itaruka kwa kasi yake yote huku mayai yakitikisika. Dawa ni kuandika mahali pa mwisho kwenye kumbukumbu ya EEPROM, isiyofutika umeme ukikatika, kila baada ya kugeuza, na wakati wa kuwasha kusoma namba hiyo, kuipa sevo kwa amri ya write, kisha ndipo uite attach, inayoanza kutuma mapigo. Kwenye Uno mpangilio huo wa amri hufanya kazi, na mara 12 kwa siku hazitaichosha kumbukumbu inayostahimili maandiko 100,000.

Dalili na chanzo chake

Kutetemeka ukiwa hujaagiza kitu: kagua hasi ya pamoja, kisha kapasita, kisha urefu wa waya wa ishara. Ikitetemeka mahali pamoja tu na pengine inatulia, potenshiomita imechakaa hapo, badilisha sevo. Mlio wa kukwaruza na mkono kuruka ni jino lililokatika. Gia za SG90 huuzwa kwa seti, lakini mara nyingi kununua nzima ni rahisi zaidi. Sevo ya moto hadi huwezi kuishika inasukuma kitu muda wote: ondoa fimbo, ikipoa tatizo ni mtambo, isipopoa tatizo ni mipaka ya pigo. Plagi ikigeuzwa, nyekundu hubaki katikati na mara nyingi hakuna madhara. Chanya na hasi zikibadilishana, bodi ya ndani huungua papo hapo, haina kinga.

Kabla ya kuweka mayai, nunua sokoni viazi mviringo vidogo 30, vya ukubwa wa yai, vipange kwenye trei na uiache mashine igeuke siku nzima na usiku wake. Asubuhi gusa sevo kwa mgongo wa kiganja, kagua skrubu ya shafti, toa viazi viwili upande mmoja uone kama trei bado inapanda, kisha zima umeme kwenye soketi na uwashe tena ukiiangalia. Viazi vikibaki vimetulia mahali pake, weka mayai.